Namba Thelathini na Moja

Miaka ile ya tisini na kidogo, mgeni aliyefika Sumbawanga akauliza habari za zamani za mji hakujibiwa, alielekezwa. "Nenda kwa Mwalimu Clemens, nyuma ya soko, mlango wa kijani." Hata waliozaliwa papo hapo, walioyaona maduka yakichipuka moja baada ya jingine, hawakujisumbua kukumbuka lolote, maana Mwalimu yupo. Mimi nawalaumu kidogo. Mji mzima ulimtwika mtu mmoja kumbukumbu zake, kisha ukaenda zake sokoni kuchagua mitumba.

Na kweli alikuwa anajua. Alijua padri gani alipanda mikaratusi ya misheni na padri gani aliikata baadhi yake. Alijua kwa nini barabara ya sokoni inapinda pale kwenye mashine ya kusaga: palikuwa na bibi mmoja aliyekataa kuhamisha ghala lake la ulezi, wapimaji wakachoka kubishana naye, wakapinda wao. Alijua duka la kwanza kuuza mafuta ya taa, na mpishi wa bwana mkubwa wa boma aliyekuwa akila mayai ya bosi wake na kumsingizia kicheche. Ukimsikiliza unajikuta unacheka, halafu ukitoka nje unaitazama ile kona ya mashine ya kusaga kwa heshima.

Kwa umbo alikuwa mrefu, mkavu, hana haraka. Alivaa koti zito la kijivu alilolipata pale marobota ya mitumba yalipoanza kufunguliwa sokoni. Ndani ya kola palishonwa kitambaa chenye jina la mzungu fulani, mwenye koti wa kwanza. Mke wake alitaka kukifumua, Mwalimu akamzuia. "Acha. Jina la mtu hilo," alisema, na mke wake akamwambia basi na kodi za huyo mzungu azilipe yeye.

Mke wake ni Fortunata, na ukitaka kumjua Fortunata anza na sauti yake. Saa saba mchana alikuwa akisimama kwenye mlango wa jiko na kuita, "Mwalimu weee! Ugali unapoa!" Mtaa mzima ulisikia. Mafundi cherehani waliokaa barazani mwa Waarabu walikuwa wakisikia mwito huo ndipo wanafunika cherehani zao waende kula. Mwalimu alikuwa nyuma ya nyumba kwenye matuta yake ya maharage, yale matuta ya duara ya Kifipa yanayofukiwa majani, na alikuwa na tabia moja: haji mpaka aitwe. Hata harufu ya dagaa wa Kirando ikimfikia puani, hata njaa ikimuuma, atasubiri sauti. Fortunata alilalamika miaka yote kwamba ameolewa na bwana harusi asiyekwisha.

Kulikuwa na mahali pamoja tu ambapo Mwalimu hakusimulia. Ukimuuliza habari za Mahame, kile kijiji cha zamani kilichohamishwa wakati wa operesheni ya vijiji, atakuambia kilikuwa na kaya sitini na mbili, kilihamishwa Julai mwaka sabini na nne, kisha atainuka kutafuta kitu ndani. Watu walidhani ni uchungu wa kawaida wa mtu aliyehamishwa. Maana hapo ndipo alipokuwa mwalimu wa shule, hapo ndipo alipooa, na hapo ndipo alipokufa mama mkwe wake. Jina la mama huyo na mimi nalihifadhi kwa sasa. Mkwe wake hakuwahi kulitamka, na siyo mimi nitakayemtangulia.

Sasa mwaka tisini na nne, mwezi wa sita, Halfani alikuja na kitabu.

Halfani ni mtoto wa wale wenye maduka, baba yake aliuza chumvi na kanga, yeye akaongeza mabasi mawili na nyumba ya wageni yenye maji ya moto. Alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu pale mjini baada ya operesheni. Katika nyumba yake ya wageni alikaa Mwitaliano mmoja, fundi wa kuchimba visima, na huyo fundi alikuwa na kijitabu cha mji wa kwao, kusini kabisa mwa Italia.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba Halfani. Kaa."

"Mwalimu, tazama hapa. Huu mji hauna hata watu elfu tatu, yaani ni kijiji tu! Lakini una kitabu. Ona mnara, ona kanisa, ona kisima cha kale, hizi ngazi za mawe. Mgeni akifika anapewa, anazunguka, anaridhika. Sisi makao makuu ya mkoa mzima, mgeni akiniuliza atazame nini namwonyesha kituo cha basi. Niandikie, Mwalimu. Kurasa tatu tu. Historia ya mji na vitu vya kutazama. Nitapiga chapa."

Mwalimu alifunua kijitabu taratibu, kwa vidole viwili, kama anavyofanya na daftari la mtoto asije akalichafua. Kiitaliano hakukijua. Alitazama picha ya mnara, ya kisima, ya vizee waliokaa kwenye benchi. Kisha akafika ukurasa wenye picha ya jiwe jeupe ukutani mwa kanisa, na juu ya jiwe maneno yaliyopangwa kwenda chini, mstari chini ya mstari. Hakuhitaji kuambiwa. Mtu aliyeita mahudhurio miaka thelathini anaijua orodha ya majina hata kwa lugha asiyoielewa.

"Hawa ni nani?" aliuliza.

"Wafu wa vita, fundi anasema. Wamewaandika wote, hakuna aliyerukwa." Halfani akacheka, akakumbuka jambo. "Mwalimu, nikuulize kitu cha zamani, usinikasirikie. Ulikuwa unanichukia?"

"Nikuchukie kwa lipi?"

"Darasa la tatu. Mimi nilikuwa namba thelathini na moja. Kila asubuhi ukiita majina, thelathini unaita vizuri, ukifika kwangu unanyamaza. Unatazama dirishani. Halafu ndiyo unaniita, tena kwa sauti ndogo. Watoto wakanibatiza 'Kimya'. Nikamwambia baba mwalimu hanipendi."

Mwalimu alifunga kijitabu. Alisema, "Hapana, mwanangu. Siyo wewe." Akaahidi kuandika.

Akaandika. Wiki nzima aliandika mezani karibu na dirisha, kwa ule mwandiko wake wa mapadre uliosimama wima. Namba moja boma la zamani. Namba mbili misheni na mikaratusi. Namba tatu soko na kona ya bibi mwenye ghala. Namba nne maduka ya Waarabu. Namba tano mashamba ya Kasense, aone mgeni matuta. Namba sita ukingo wa juu, pale uwanda unapokatika ghafla na bonde la Rukwa linaonekana chini mbali, upande wa Ilemba. Akafika namba saba, akaweka kalamu.

Namba saba ni ilungu. Ndivyo Wafipa wanavyoliita tanuru la kuyeyushia chuma, refu kuliko mtu, lililojengwa kwa udongo wa kichuguu, na matundu chini ya kupitishia hewa. Zamani, kabla ya kuliwasha, wenye kazi walilipamba na kulipaka mafuta kama bibi harusi, na kulisemesha pia. Mengi yamebomoka. Lililosimama vizuri kuliko yote lilikuwa Mahame, na lilikuwa la ukoo wa baba yake Fortunata.

Fortunata alisoma zile kurasa akiwa amesimama, mwiko mkononi. Alipofika kwenye namba saba iliyo tupu, alielewa.

"Hilo uliache," alisema. "Sitaki wageni wakapige picha mahali mama yangu alipokimbilia kutukwepa."

"Mama Gabriel..."

"Alituacha. Mimi nimetangulia na watoto wadogo, nimemwandalia kitanda, nasubiri mama yangu ashuke kwenye lori. Yeye akachagua udongo wa mume wake. Basi akae nao."

Na hapa ndipo penye mzizi wa habari yote, kwa hiyo nitaueleza vizuri. Wiki ileile binti yao Hellena, aliyeolewa Kirando, alijifungua mtoto wa kike. Alituma barua akiomba mtoto apewe jina la bibi, mama yake Fortunata, kama desturi ilivyo. Fortunata akajibu hapana. Alikwisha kukataa Hellena mwenyewe alipozaliwa baada ya kuhama, akakataa kwa mtoto wa mwana wao Gabriel, sasa anakataa mara ya tatu. Jina la mtu aliyetukataa halirudi nyumbani kwangu, aliandika. Mwalimu ndiye aliyepewa bahasha aipeleke kwa dereva wa basi la Kirando. Aliipokea, akaitia mfukoni mwa koti la mzungu, na ikakaa humo siku nne.

Maana yeye ndiye mtu pekee duniani aliyejua kwamba mama yule hakumkataa mtu.

Turudi Julai ya sabini na nne, mchana mweupe, upepo wa Ufipa unakata masikio. Malori yamekuja mara ya tatu. Mkubwa wa msafara anataka orodha, na Mwalimu Clemens ana mwandiko mzuri, basi ndiye aandike na ndiye aite. Watu arobaini na sita kwa lori la mwisho. Atakayeitwa anapanda. Mahali pa kuitia ni kwenye jiwe pana katikati ya kijiji.

Asubuhi hiyo mama mkwe alikuja mlangoni pa shule. Mkwe na mama mkwe, kwa adabu za kwao, hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapaziani sauti, na jina halitajwi, hata likiwa la mtu mwingine unalikwepa. Wakiwa na neno la lazima wanaliweka kwenye kitu kingine. Mama akageukia nguzo ya mlango, mgongo kwa mkwe wake.

"Nguzo," alisema, "mwambie Mwalimu naenda kuliaga ilungu. Siwezi kuondoka kama mwizi. Nitalipaka mafuta kidogo. Jina langu likiitwa nitasikia, nitakuja."

Mwalimu naye, macho chini, akajibu, "Nguzo, mwambie mama asichelewe."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo marefu kuliko yote waliyowahi kuwa nayo.

Saa tano akaanza kuita. Akaita Isdori, akaita Scola, akaita mmoja mmoja, wakapanda na kuku wao na masufuria yao. Akaita thelathini, Zita. Chini ya Zita, kwa mwandiko wake mwenyewe, palikuwa na jina ambalo mkono wake uliliandika kwa sababu mkono hauna adabu za ukwe, lakini kinywa kinazo. Akanyamaza. Akainua macho nusu tu. Kwenye kundi la wanawake waliokuwa wakisogea kwenye lori aliona lile blanketi la bluu la mama mkwe wake, limefunika mtu kichwa hadi magoti kwa baridi. Akashusha macho haraka, kama mkwe mwema anavyotakiwa. Yupo, alisema moyoni. Akatia alama. Akaita thelathini na mbili, Theodory.

Angeweza kumwambia mgambo aliyesimama pembeni, hebu niitie hili. Ilikuwa sekunde moja tu. Lakini mkubwa wa msafara alikuwa anapiga bodi la lori kwa kiganja, watu wanatazama, na Mwalimu aliona haya kuonekana mshamba mbele ya wakubwa, mtu msomi anayeogopa jina. Nasema hivi bila kumpunguzia. Aliona haya.

Lori likashusha watu kijiji kipya, na blanketi la bluu likafunguka. Ndani yake alikuwa Zita na kichanga chake cha wiki mbili. "Mama alinipa asubuhi," Zita alisema. "Aliniambia mtoto atakufa na baridi hii."

Huko nyuma paa zilikwisha kushushwa ili mtu asirudi, na njia ililindwa. Mwalimu aliomba ruhusa, akazungushwa, akaipata siku ya tatu. Yeye na Isdori ndio waliomkuta mama, amekwisha kufa. Mama alikuwa amekaa mlangoni pa ilungu, mguu mmoja umevimba, alikuwa ametumbukia kwenye shimo la majivu la zamani. Mgongo wake ulielekea ilungu na uso ulielekea kijijini, kule kwenye jiwe. Kigae cha mafuta kilikuwa pembeni yake, kitupu.

Fortunata alipouliza, Mwalimu alijibu maneno mawili. "Alikataa kupanda." Maneno hayo yalitoka yenyewe, na yalipokwisha kutoka aliona hawezi tena kuyarudisha. Isdori aliyaamini. Kila mtu aliyaamini, maana wazee wengi walikataa kweli. Na tangu siku ile, kila alipoita majina darasani akafika thelathini na moja, alisikia mtu akisubiri. Hakusikia sauti wala kilio. Alisikia tu ule utulivu wa mtu aliyeacha kupumua ili asikie vizuri.

Siku ya tano barua bado iko mfukoni. Halfani akapita na pikapu yake, Mwitaliano kiti cha mbele. "Mwalimu, namba saba hujanipa. Madereva wameniambia kuna ilungu zima huko Mahame. Twende leo ukamwonyeshe huyu bwana."

Mwalimu aliingia jikoni. "Mama Gabriel, twende wote."

"Wapi? Kule? Umechanganyikiwa?"

"Nina neno, na siwezi kulisemea hapa."

Fortunata alimtazama. Walikuwa wameishi pamoja zaidi ya miaka thelathini, na hakuwahi kumwona akija jikoni bila kuitwa. Akavua aproni, akajitanda shuka, akapanda nyuma ya pikapu bila kuuliza zaidi.

Njia ilipita kwenye mashamba yaliyovunwa, wakapishana na ng'ombe wa Wasukuma wakiongozwa kunywa maji, kisha ikawa majani tu. Mahame haina kitu. Mgeni asingejua kwamba palikaa watu, isipokuwa kwa mistari ya mawe ya misingi na jiwe lile pana. Ilungu lilisimama upande wa juu, kama hatua mia mbili, na upepo ulipopita kwenye matundu yake ya chini ulitoa mlio mdogo. Mwitaliano alisema kitu kwa lugha yake, akavua kofia. Nilimpenda kwa hilo.

Mwalimu akamwambia mke wake, "Nenda ukakae mlangoni pake. Pale pale alipokutwa. Halafu usikilize."

"Clemens, unataka nini na mimi?"

"Sikiliza tu. Nakuomba."

Alienda, amenuna. Akakaa. Mwalimu akapanda juu ya jiwe. Hakuwa na karatasi. Akaita, "Isdori!" Akasubiri kiasi cha mtu kupanda lori. "Scola!" Halfani aliyekuwa akimwelekeza mgeni wake mahali pa kupigia picha aligeuka, akadhani mzee amepatwa na kitu. "Kosmasi! Anzelma!" Majina yalipanda mteremko mmoja mmoja na Fortunata aliyasikia yote, hakuna hata moja lililopotea. Aliwajua. Ni jirani zake, nyumba kwa nyumba, kwa mpangilio uleule waliokaa, na nusu yao walikwisha kufa. Alianza kulia bila kujua analilia nini hasa.

"Zita!"

Kimya kidogo.

"Theodory!"

Fortunata akasimama. "Umemruka mama," alisema kwa sauti. "Clemens! Baada ya Zita ni mama. Umemruka mama!"

Mwalimu hakuendelea kuita. Aliinua uso kumtazama mke wake kule juu, akasema kwa sauti ileile ya darasani ili imfikie, "Ndivyo nilivyomruka. Hakukataa. Alisema nikiita atakuja. Sikuita."

Akamweleza. Alimweleza nguzo ya mlango, mafuta, blanketi la bluu, Zita, mkubwa aliyepiga bodi la lori. Alieleza yote akiwa juu ya jiwe, amesimama wima, mikono imeshuka, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. Fortunata alisikiliza kutoka pale mlangoni. Aligeuka akalitazama ilungu, akashika ukingo wake kwa kiganja, kisha akageuka tena.

"Alikuwa anakusikia," alisema. "Hapa panasikika kila kitu. Amekaa na mguu wake, anasikia Zita, anasema sasa mimi. Halafu anamsikia Theodory."

"Ndiyo."

"Muite."

Mwalimu alifungua mdomo. Nimesema ni mtu wa maneno, mji mzima ulikuwa kinywani mwake, lakini neno hilo moja hakuwahi kulitamka. Likatoka jina dogo, chini chini.

"Kwa sauti!" Fortunata alipiga kelele. "Yuko huku, hayuko hapo!"

"Agnesi!"

Jina lilipanda mteremko likafika. Ndege wakaruka kwenye majani. Halfani aliinamisha kichwa, na nadhani alipata pale jibu la lile swali lake la darasa la tatu. Upepo ulipita kwenye matundu. Hakuna aliyeitika, na Mwalimu aliendelea kusubiri, shingo imenyooka, kana kwamba huenda kwa mbali mtu akaitika.

Fortunata alikaa chini tena. "Miaka ishirini," alisema, na hakuwa anasema na mume wake. "Miaka ishirini nimekununia, mama. Na hukunikosea chochote."

Walirudi mjini jua likiwa bado juu. Fortunata alikaa mbele, Mwitaliano akampisha. Walipofika sokoni alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na Mwalimu alielewa, akatoa ile bahasha mfukoni. Aliichana pale pale. Siku ya pili akapanda basi la Halfani yeye mwenyewe kwenda Kirando, akakaa huko mwezi mzima, na mtoto akabatizwa Agnesi.

Watu walidhani hatarudi. Alirudi. Nyumba ni yake, matuta yanahitaji mkono, na sidhani kama aliwahi kuacha kumpenda mume wake, maana hayo hayafutiki kwa siku moja. Kijitabu cha Halfani kilitoka, kurasa tatu, na namba saba ina jina la mama mmoja aliyefia hapo akisubiri kuitwa. Wageni husoma, wengine huenda kuliona. Mwalimu aliendelea kuwasimulia watu habari za mji, na sasa akiulizwa Mahame haendi tena ndani kutafuta kitu.

Lakini Fortunata hakumwita tena. Hakutangaza, hakugombana. Alipika, akafua lile koti, akawapokea wageni wa mume wake. Ila akikutana naye kwenye kijia cha kwenda kwenye matuta alikuwa anapisha pembeni, macho chini, na akiwa na neno la lazima aliliambia meza au mlango. "Mlango, mwambie Mwalimu kuna watu wa misheni." Siku ya kwanza Mwalimu alidhani ni hasira. Siku ya kumi alitambua ni adabu, ile ile ya ukwe, anarudishiwa. Mafundi cherehani walikaa wiki kadhaa hawajui saa ya kula.

Mtoto alipoacha ziwa, Hellena alimleta kwa bibi yake akae. Ana miguu myepesi, hatulii, mchana kutwa yuko nyuma ya mikaratusi au kwa watoto wa jirani. Saa saba Fortunata anasimama kwenye mlango wa jiko, na sauti yake ya zamani inarudi yote, mtaa mzima unasikia. "Agnesi! Agnesi weee! Ugali unapoa!"

Mwalimu, huko kwenye matuta, anasikia jina hilo ndipo anajua chakula kiko tayari. Anakung'uta udongo mikononi, anainuka, anaenda kula.